Mazishi Yenye Sura ya Marehemu: Mwongozo kwa Familia na Jumuiya

Msiba unapotokea katika Jimbo letu la Moshi, safari huelekea mlimani. Marehemu aweza kuwa amefia Dar es Salaam, Mwanza au ng'ambo, lakini mara nyingi hurudishwa Kilema, Kibosho, Uru, Marangu au Rombo ili azikwe katika kihamba cha ukoo wake. Hapo hukutana watu wenye matarajio tofauti. Wazee wa ukoo wana desturi zao, jumuiya ina sala zake, paroko ana Liturujia ya kuadhimisha, na watoto waliotoka mjini wanaomba kile kinachoitwa siku hizi sherehe ya maisha: picha kubwa, fulana za rangi moja, mshereheshaji, video na hotuba nyingi. Wote wanampenda marehemu. Hata hivyo tumeona mara nyingi jinsi siku tatu za maandalizi zinavyoweza kuacha ugomvi wa miaka, au deni ambalo mjane hulilipa peke yake baada ya maturubai kuondolewa.

Tunaandika makala hii ili kuzisaidia familia na Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kupanga mazishi yanayomfanana marehemu na kufanana pia na imani aliyoishi. Maisha yake yanastahili kusimuliwa na kushukuriwa, lakini kila jambo lina mahali pake. Adhimisho la kanisani ni sala ya Kanisa kwa ajili yake. Simulizi lina nafasi yake nyumbani, pamoja na dakika chache zilizotengwa katika ibada. Ukarimu kwa waombolezaji nao una kipimo chake.

Kanisa linafundisha nini

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati juu ya Liturujia Takatifu ya mwaka 1963, namba 81, uliagiza kwamba ibada ya mazishi ionyeshe wazi zaidi sura ya Kipasaka ya kifo cha Mkristo, na iendane vizuri zaidi na mazingira na mapokeo ya kila nchi. Agizo hilo lina pande mbili, na familia inapaswa kuzishika zote. Upande wa kwanza ni Pasaka: tunamzika mtu aliyebatizwa katika kifo na ufufuko wa Kristo. Upande wa pili ni nchi na watu wake: lugha, nyimbo na adabu za msiba za mahali hapa zina haki ya kusikika. Kitabu kipya cha Ibada ya Mazishi kilichotolewa mwaka 1969 kilifuata njia hiyo, kikaweka vituo vitatu: nyumbani, kanisani na kaburini.

Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1176, inataja makusudi matatu ya mazishi ya Kikanisa: kumwombea marehemu msaada wa kiroho, kuuheshimu mwili wake, na kuwapa walio hai faraja ya tumaini. Kamati ya mazishi ingefanya vema kuyaandika makusudi hayo juu ya karatasi ya ratiba, kisha kila jambo linalopendekezwa lipimwe kwa hayo.

Kusudi la kwanza ndilo linalosahaulika upesi. Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12, kinamsifu Yuda Makabayo kwa kutoa sadaka kwa ajili ya askari wake waliouawa, kwa sababu alitumaini ufufuko. Nasi tunawaombea marehemu wetu kwa imani hiyohiyo juu ya Toharani. Kwa hiyo tukisimama mbele ya jeneza na kumtangaza marehemu kuwa tayari ni mtakatifu wa mbinguni, tunaweza kudhani tunamheshimu, kumbe tunamnyima sala anazozihitaji.

Maandalizi huanza mgonjwa akiwa hai

Familia nyingi huogopa kumwita padre kwa mgonjwa, zikidhani zitamkatisha tamaa. Mpako wa Wagonjwa ni sakramenti ya walio hai, nayo huleta nguvu, amani na msamaha. Padre aitwe mapema, mgonjwa akiwa bado anaweza kuungama, kusali na kupokea Komunyo Takatifu kama masurufu ya safari yake. Walio na wagonjwa katika hospitali za KCMC, Mawenzi, Kibosho, Kilema au Huruma waulize mapema jinsi ya kumpata padre anayewahudumia wagonjwa mahali hapo.

Mzee mwenye utulivu wa moyo anaweza pia kuandika matakwa yake ya mazishi: somo analolipenda, nyimbo mbili au tatu, mtu ambaye angependa asome wasifu, jambo ambalo hataki lifanyike. Karatasi hiyo itenganishwe na wosia wa mali, kwa kuwa wosia mara nyingi husomwa baada ya maziko, wakati ambapo matakwa hayo yamekwisha kupitwa. Nakala moja ibaki kwa mtoto au ndugu anayeaminika, na nyingine kwa kiongozi wa jumuiya. Mzee aliyeandika kwamba anataka jeneza la kawaida na fedha zinazobaki zilipe ada ya mjukuu amewaondolea watoto wake mabishano ya usiku kucha.

Saa za kwanza

Watu wa kwanza kuarifiwa, baada ya familia, ni mwenyekiti wa jumuiya, katekista na paroko. Wapelekewe habari kabla ya kutangaza tarehe na kabla ya kukodi magari. Tumeona matangazo yakisambazwa nchi nzima kwa siku ambayo Misa ya mazishi haiwezi kuadhimishwa. Misa hiyo hairuhusiwi katika sherehe za amri, Alhamisi Kuu, Siku Tatu Kuu za Pasaka, wala katika Dominika za Majilio, Kwaresima na Pasaka. Jambo hili hutugusa hasa mwezi Desemba, ndugu wanapokuwa wamekwisha kupanda mlimani kwa ajili ya Noeli na kila familia inatafuta siku ambayo wote wapo. Katika siku hizo marehemu aweza kuzikwa kwa ibada isiyo na Misa, na Misa ya kumwombea ikaadhimishwa siku nyingine.

Ikiwa marehemu alikuwa akiishi parokia nyingine, ni vema familia ije na barua ya utambulisho kutoka jumuiya au parokia yake. Kibali cha mazishi kipatikane kabla ya maziko. Kifo kikitokea nyumbani, uongozi wa kijiji au mtaa uarifiwe mara moja. Kwa mujibu wa sheria ya nchi, kifo kinapaswa kusajiliwa ndani ya siku 30. Mjane na watoto watakihitaji cheti hicho kwa mirathi, mafao na benki, kwa hiyo mtu mmoja akabidhiwe kazi hiyo tangu siku ya kwanza.

Patano kabla ya ratiba

Wachagga wana jani la isale. Lilipandwa kuonyesha mpaka wa kihamba, na mtu aliyekosa alilichukua mkononi alipokwenda kuomba msamaha. Aliyeletewa isale alijua kwamba si adabu kumfukuza aliyelibeba. Tunaikumbusha desturi hiyo kwa sababu kikao cha kwanza cha msiba ndicho mahali pake hasa. Kama kuna ndugu wawili wasiosalimiana kwa ajili ya mpaka wa shamba, kama kuna mtoto aliyefukuzwa, kama kuna mke aliyetengana na marehemu na hajui kama anaruhusiwa kuingia uani, mambo hayo yashughulikiwe kabla ya kupanga nani atavaa nini. Mzee wa ukoo, mwenyekiti wa jumuiya au padre anaweza kuongoza mazungumzo. Pasipowezekana kumaliza ugomvi wote, upatikane walau mkataba wa kutouleta kaburini.

Kitubio nacho kiwe karibu. Familia inaweza kumwomba paroko nafasi ya maungamo kabla ya Misa, hasa kwa wale waliokaa mbali na sakramenti muda mrefu. Wengi wamerudi kwenye Ekaristi Takatifu kupitia msiba wa mzazi.

Nyumbani: mahali pa simulizi

Usiku wa kuamkia mazishi, na siku za kukaa msibani, ndio wakati wa kumkumbuka marehemu kwa upana. Jumuiya husali Rozari na kusoma Neno la Mungu. Baada ya sala, au kati ya fumbo na fumbo, watu wapewe nafasi ya kusimulia. Jirani aeleze jinsi marehemu alivyogawa maji ya mfereji kwa haki. Mwanafunzi wake wa zamani aseme alivyofundishwa. WAWATA wakumbuke alivyowatembelea wagonjwa. Wajukuu waonyeshe picha, na kwaya iimbe nyimbo alizozipenda. Video iliyotengenezwa na watoto, kitabu cha maombolezo, meza yenye jembe lake, tasbihi yake au kofia yake ya kazi, vyote vinafaa hapa.

Familia zetu nyingi zina ndugu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri. Nao wapewe nafasi katika mkesha: kuomba, kuimba, kutoa neno la faraja. Hakuna sababu ya shemeji aliyemuuguza marehemu kubaki nje ya uzio kwa sababu ya dhehebu lake.

Kanisani: sala ya Kanisa zima

Mbele ya altare marehemu ni mbatizwa, awe mkulima au waziri. Ndiyo maana alama zinazotangulia ni zile za Ubatizo: maji ya baraka yanayonyunyizwa juu ya jeneza, mshumaa wa Pasaka unaowaka karibu nalo, na ubani unaouheshimu mwili uliokuwa hekalu la Roho Mtakatifu. Picha ya marehemu iwekwe kando ya jeneza, na altare iachwe kwa ajili ya Sadaka Takatifu.

Hata hivyo, ndani ya Liturujia yenyewe kuna nafasi nyingi za kumtambua mtu huyu kwa jina na sura, nazo hazihitaji fedha.

Ya kwanza ni masomo. Kitabu cha masomo kinatoa orodha ndefu kwa ajili ya Misa za marehemu, na familia inaweza kupendekeza kwa paroko. Aliyevumilia ugonjwa mrefu anaweza kusomewa Ayubu sura ya 19. Muuguzi, au mama aliyelisha yatima, anafanana na Mathayo sura ya 25. Mwenye haki aliyefariki akiwa kijana anakumbukwa vema kwa kitabu cha Hekima. Zaburi ya 23, ya 27 au ya 130 huimbika na kila kwaya ya kigango.

Ya pili ni wahudumu. Mjukuu aliyezoea kusoma kanisani asome somo. Wana jumuiya wabebe jeneza. Kama marehemu alikuwa mwanakwaya, kwaya yake iongoze nyimbo, nazo ziwe nyimbo za Liturujia.

Ya tatu ni maombi ya waamini. Hapa familia inaweza kuwaombea wale aliowaombea marehemu: wagonjwa wa wodi aliyoihudumia, mafundi wenzake, majirani wa bondeni.

Ya nne ni vipaji. Pamoja na mkate na divai, waamini wanaruhusiwa kuleta zawadi kwa ajili ya maskini na Kanisa. Mkungu wa ndizi na kahawa ya kihamba alichokilima marehemu miaka 40, vikipelekwa kisha kwa wahitaji, vinamweleza vizuri kuliko shada la plastiki.

Homilia ni tangazo la Neno la Mungu na la ufufuko. Maelekezo ya Misale ya Kirumi hayaruhusu igeuke kuwa hotuba ya kumsifu marehemu. Padre aweza kugusa mfano wa maisha yake, lakini anawahubiria walio hai, na baadhi yao hawajasikia Injili tangu mazishi yaliyopita.

Wasifu wa marehemu

Baada ya sala ya Komunyo, kabla ya ibada ya mwisho ya kumkabidhi marehemu kwa Mungu, mmoja wa familia aweza kusema maneno mafupi ya kumbukumbu. Katika parokia nyingine wasifu husomwa kabla ya Misa kuanza, kwa hiyo familia ifuate utaratibu wa paroko. Ukurasa mmoja na nusu, usiozidi dakika tano, unatosha. Uandikwe na mtu mmoja, usomwe kwanza mbele ya mjane na watoto wote, kisha upelekwe kwa paroko jioni ya kuamkia mazishi.

Mpangilio ni huu: kuzaliwa na wazazi, Ubatizo na Kipaimara, elimu na kazi, Ndoa na watoto, utume katika jumuiya na parokia, ugonjwa na kifo, shukrani kwa waliomuuguza. Penye nafasi, litajwe jambo moja dogo ambalo kila aliyemfahamu atalitambua, kama vile kwamba hakupita kwenye mfereji bila kuondoa majani yaliyouziba.

Jambo zito katika wasifu ni orodha ya watoto. Tumewahi kusikia wasifu ukisomwa huku kijana amesimama mlangoni mwa kanisa, na jina lake halimo, ingawa watu wote wanajua ni mtoto wa marehemu. Jeraha la namna hiyo halifutwi na maneno ya mhubiri. Kanisa linafundisha utakatifu wa Ndoa bila kificho, wala halimhukumu mtoto kwa jinsi alivyozaliwa. Mtoto wa marehemu atajwe kuwa mtoto wa marehemu. Kama jambo hilo ni zito kwa mjane, azungumze na paroko mapema ili yatafutwe maneno ya kweli na ya upole. Kumficha mtu kanisani kumewapeleka wengi mahakamani kwa shauri la mirathi.

Wasifu usiwe pia mahali pa kulipiza visasi, kutangaza nia za kisiasa au kuhesabu mali. Tangazo la desturi, kwamba anayemdai marehemu au anayedaiwa naye aonane na familia, ni zuri na la haki, na lisiachwe.

Kaburini

Kwa kuwa wengi wetu tunazika kihambani, si katika makaburi ya parokia, tukumbuke kwamba kaburi lililo nje ya makaburi yaliyobarikiwa hubarikiwa lenyewe wakati wa maziko. Kwa hiyo padre au anayeongoza ibada asubiriwe, na jeneza lisishushwe kabla. Hotuba zisirudiwe kaburini, hasa mvua inaponyesha na wazee wamesimama kwenye mteremko. Kuweka udongo, maua na msalaba kunatosha. Anayetaka kupanda isale pembeni mwa kaburi apande, akikumbuka kwamba ni jani la amani.

Familia zenye ndugu aliyefia ng'ambo wakati mwingine hukabiliwa na swali la kuchoma mwili kwa sababu ya gharama za usafirishaji. Kanisa linasisitiza maziko, wala halikatazi kuchoma mwili isipokuwa kama imefanywa kwa kupinga imani. Maelekezo ya mwaka 2016 yanataka majivu yahifadhiwe mahali patakatifu na kukataza kuyatawanya hewani, ardhini au majini. Familia izungumze na paroko kabla ya kuamua.

Gharama na ukarimu

Chakula msibani ni upendo, kwa kuwa waliotoka mbali hawawezi kurudi na njaa. Lakini kamati ianze na fedha zilizopo, kisha ipange shughuli. Utaratibu mzuri ni huu: kwanza mambo ya lazima, yaani jeneza, usafiri, kaburi na chakula cha kawaida, pili, kutenga fungu la mjane na ada za watoto, tatu, kama kimebaki kitu, ndipo viamuliwe maturubai ya ziada, mpiga picha na fulana. Mhazini asome hesabu mbele ya familia kabla ya ndugu kuondoka. Mbege na vinywaji vingine viwe kwa kiasi, na maneno mazito ya ukoo yasiamuliwe watu wakiwa wamekunywa.

Asiwepo mtu anayeogopa kumwendea paroko kwa sababu hana sadaka. Kanuni ya 1181 inataka maskini wasinyimwe mazishi wanayostahili, wala kusiwe na upendeleo kati ya mtu na mtu. Jumuiya ihakikishe kwamba bibi asiye na watoto anasindikizwa kwa nyimbo zilezile na idadi ileile ya wana jumuiya kama mfanyabiashara wa mjini.

Baada ya magari kuondoka

Familia nyingi huanua matanga mapema kwa sababu ya kazi, na mjane hubaki peke yake uani. Jumuiya ipange zamu ya kumtembelea walau hadi Misa ya arobaini. Nia za Misa ziandikishwe kwa arobaini, kwa mwaka, na kwa siku ya tarehe 2 Novemba tunapowakumbuka Marehemu Wote. Kuanzia tarehe 1 hadi 8 Novemba, mwamini anayetembelea makaburi na kuwaombea marehemu aweza kuwapatia rehema kamili, akitimiza masharti ya kawaida: Kitubio, Komunyo, sala kwa nia za Baba Mtakatifu, na moyo usioambatana na dhambi yoyote. Na Desemba, watoto wanaporudi kihambani, wasafishe kaburi pamoja, wasali fumbo moja la Rozari, na wakubwa wawasimulie wadogo habari za babu au bibi yao.

Tunazialika jumuiya zote kutenga mkutano mmoja kabla ya Novemba kuzungumza mambo haya wakati hakuna msiba. Kila mwana jumuiya aje na karatasi, aandike somo moja na nyimbo mbili, na jina la mtu anayepaswa kupatana naye. Hilo la mwisho asisubiri mazishi kulitekeleza.